Mtaala wa Imani Ukifika Ngara

Mtaala wa imani kwa shule ya msingi ya Kikatoliki huandikwa ofisini. Waandishi wake kwa kawaida ni padre aliyesomea elimu, sista mmoja au wawili waliowahi kuongoza shule, na mwalimu wa dini aliyealikwa kutoka parokia jirani. Ndani yake mna dira, dhima, malengo mahususi, jedwali la maudhui kuanzia darasa la awali hadi la saba, na mwishoni ukurasa wa viashiria vya mafanikio. Huzinduliwa kwa Misa. Kisha hupelekwa shuleni na kukabidhiwa mwalimu wa taaluma, ambaye kila Januari ndiye anayehangaika kupanga vipindi kwenye ratiba, na anayejua kuliko mtu yeyote kwamba vipindi havitoshi.

Nimefuatilia mipango ya namna hii katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kwenye eneo la Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Hapa si mahali ambapo Kanisa limefika jana. Jimbo la Rulenge liliundwa mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza, Alfred Lanctôt, alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee bado wanawaita Mapadre Weupe. Jina la sasa lilikuja mwaka 2008. Kuna vigango, kuna makatekista waliozeeka kazini, kuna jumuiya ndogo ndogo karibu kila kitongoji. Watu wa kuufanya mtaala uishi wapo. Hata hivyo naona nyaraka nzuri zinakaa kabatini, na nimefikia kuamini kwamba tatizo linaanza pale tunapoamua kuandika imani kama somo, wakati mtoto anaipokea kama desturi ya mahali anapoishi.

Tuanze na sheria, kwa sababu wapo wanaoidhani ndiyo kikwazo. Shule yoyote iliyosajiliwa Tanzania, ya serikali au ya Kanisa, inafuata mtaala wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa darasa la awali, la kwanza na la tatu, ukiwa na masomo mapya kama Historia ya Tanzania na Maadili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 nayo haiombi njia ya mkato: kanuni ya 806 inataka elimu inayotolewa katika shule ya Kikatoliki iwe angalau na ubora uleule wa shule nyingine za eneo hilo. Kwa hiyo anayeandika mtaala wa imani haandiki mtaala wa shule. Anaandika kitu cha kupita ndani ya kile kilichokwisha kupangwa na serikali, na baada ya saa zake. Nafasi ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri, lakini si nafasi ya kuongeza vipindi vitano kwa wiki.

Hapo ndipo mpango wa kwanza hukwama. Kipindi cha dini huwekwa mchana, mara nyingi Ijumaa, baada ya chakula. Januari kinafundishwa vizuri. Kufikia Julai darasa la saba wako kwenye majaribio ya kila wiki, kwa kuwa mtihani wa taifa ni Septemba, na darasa la nne wanasubiri upimaji wao wa mwisho wa mwaka. Mwalimu wa Hisabati anamwomba mwalimu wa dini amwazime kipindi. Anakiazima. Wiki inayofuata haombi tena. Hakuna mtu mwenye nia mbaya hapo. Mzazi amelipa ada kwa kuuza kahawa, maharage au ng'ombe, na anachosubiri ni matokeo. Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, uamuzi ninaouunga mkono, lakini wazazi wa Nyakahura na Kabanga wanaendelea kuhesabu A wenyewe. Kipindi kisichotahiniwa hakina mtetezi mwezi wa Agosti. Mwandishi wa mtaala asiyejua hilo ameandika mpango wa nusu mwaka.

Kuna jambo jingine lililobadilisha kila kitu, na nyaraka nyingi bado hazijalikubali. Mwaka 2023 serikali ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu. Shule nyingi za Kanisa za mchepuo wa Kiingereza zilikuwa zimejengwa juu ya bweni. Malezi yote ya imani yalitegemea bweni: Misa ya asubuhi, sala kabla ya kulala, Rozari ya mwezi wa kumi, matroni anayesahihisha namna ya kupiga magoti. Ghafla mtoto wa darasa la pili anapanda gari la shule saa kumi jioni kurudi kwao. Malezi yake ya jioni yako mikononi mwa mama, bibi, mjomba, televisheni ya jirani na barabara.

Mimi naona marufuku ile ilikuwa neema kwa Kanisa, ingawa wahasibu wa shule hawataniunga mkono. Mtoto wa miaka saba amerudishwa kwenye nyumba yake na kwenye jumuiya yake. Lakini amerudi akiwa amefundishwa kusali kwa lugha ambayo nyumba haisali.

Ibada ya jumuiya moja upande wa Rulenge ilinionyesha jambo hili kwa karibu. Watu walikuwa wameketi kwenye mikeka na viti vya kuazima, katikati pakiwa na meza ndogo yenye msalaba na maua ya bustanini. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee mwenye furaha ya kuona mjukuu wa jirani yake amerudi nyumbani, akamwomba binti wa darasa la tatu aongoze fungu moja la Rozari. Mtoto hakuogopa hata kidogo. Alisimama, akaanza Salamu Maria kwa Kiingereza, haraka, bila kosa. Alipofika mahali pa watu kuitikia, pakawa kimya. Mama yake ndiye aliyeokota sala kwa Kiswahili, watu wakafuata, na mtoto akaendelea kwa Kiingereza, wao wakiitikia kwa Kiswahili, hadi fungu likaisha. Baadaye watu walimsifu kwa ufasaha wake. Ila nilimwona yule binti akitazama midomo ya watu wazima kama mgeni anayejifunza desturi za nyumba isiyo yake.

Hakuna jedwali la maudhui linaloonyesha kasoro ile. Kwenye karatasi mtoto amefaulu: anajua sala za msingi. Shuleni angepewa alama zote. Lakini Kanisa lake halisi, lile la mikeka, linasali kwa Kiswahili, linasimuliana habari za mgonjwa kwa Kihangaza au Kishubi, na upande wa Biharamulo linatumia Kisukuma kingi pia. Mtaala wa imani unaomtayarisha mtoto kusali mahali pasipo na bibi yake umekosea njia. Shule ifundishe Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza ikitaka. Sala, nyimbo na katekisimu zifundishwe kwa Kiswahili, na viongozi wa jumuiya waulizwe kila muhula kama mtoto anashiriki.

Jimbo hili lina sababu ya pekee ya kulijua hilo. Serikali ilipotwaa shule za misheni kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, Kanisa lilipoteza darasa kama chombo chake cha malezi. Mwaka huohuo Christopher Mwoleka aliwekwa kuwa askofu wa Rulenge, na aliongoza hadi 1996. Mwoleka aliuchukua ujamaa kwa uzito kuliko maaskofu wengi wa wakati wake. Katika miaka ya 1970 alikwenda kuishi na wanakijiji wa Nyabihanga, kijiji cha ujamaa, akilima nao, akiamini kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu linaeleweka pale watu wanaposhirikiana maisha. Ulikuwa mpango mkubwa, wa kitheolojia na wa kiuchumi kwa pamoja. Kijiji cha ujamaa kama mfumo wa uzalishaji hakikudumu; hatima yake tunaijua nchi nzima. Kilichobaki ni jumuiya ndogo ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976. Zimebaki kwa sababu hazikuhitaji ofisi wala bajeti, zilihitaji majirani wanaofahamiana. Kwa robo karne hivi watoto wa Ngara walilelewa kiimani bila shule ya Kanisa hata moja ya msingi ya kujivunia, na walilelewa.

Shule zilipoanza tena kujengwa, baada ya sera ya elimu ya 1995 kufungua mlango kwa shule binafsi, zilirudi na sura nyingine: za kulipia, za Kiingereza, zenye uzio. Sisemi zisiwepo. Nasema zilipaswa kuuliza jumuiya zilikuwa zimefanya nini katika miaka ile ya katikati, badala ya kuanza kuandika upya kana kwamba kulikuwa hakuna kitu.

Na sasa ada na shamba, mambo mawili ambayo sijaona mtaala wa imani ukiyagusa, ingawa ndiyo yanayofundisha kwa sauti kubwa zaidi.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, niliangalia andalio la somo la darasa la nne juu ya mfano wa Msamaria mwema. Mwalimu alikuwa kijana mwenye bidii. Ubaoni aliandika maana ya jirani, kisha sifa tano za jirani mwema, kisha maswali matatu ya kujaribu uelewa. Watoto walinakili. Walijibu wakisimama wima, mmoja mmoja, na karibu wote walipata. Wiki ileile, mstarini asubuhi, mhasibu alikuwa amesoma majina ya wanaodaiwa ada, na waliosomwa walirudishwa nyumbani. Wenzao waliwaangalia wakitoka getini na mabegi. Asubuhi ile darasa la nne walifundishwa jirani ni nani kwa ukamilifu ambao ubao usingeweza. Najua shule haiendeshwi bila ada. Walimu wanataka mshahara, mkaa na unga havitolewi sadaka. Lakini deni ni jambo la mzazi na ofisi. Barua, simu, au mazungumzo na mzazi kupitia jumuiya yake, vyote vinawezekana. Kumtoa mtoto mstarini ni uamuzi wa kimtaala, hata kama aliyeufanya ni mhasibu.

Upande wa mshahara pia pana la kusema. Tangu waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891, Kanisa limefundisha haki ya mfanyakazi kulipwa ujira unaomtosha. Mwalimu anayetakiwa kufundisha mafundisho jamii ya Kanisa huku akidai miezi miwili atayafundisha, kwa kuwa ameajiriwa kufundisha, ila macho yake yatasema mengine na watoto huyasoma macho.

Shamba ni suala la zamani zaidi. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule za Kikatoliki huko Tabora na Pugu, alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967 akitaka shule iwe na shamba ili mtoto asidharau kazi ya wazazi wake. Kila aliyesoma shule ya msingi baada ya hapo anajua shamba lilivyogeuka. Mchelewaji alipelekwa kupalilia. Aliyekosea alichimba mtaro. Kazi ya mikono, ambayo ilikusudiwa kuheshimiwa, ikawa jina lingine la adhabu, na baadhi ya shule za Kanisa zimeirithi desturi hiyo bila kuihoji. Waandishi wa mtaala sasa wanaongeza mada ya kutunza uumbaji, wakirejea waraka wa Papa Francis wa mwaka 2015. Ni mada nzuri, na Ngara yenye vilima vinavyomomonyoka inaihitaji sana. Lakini haiwezi kufundishwa Alhamisi darasani na kukanushwa Ijumaa kwenye migomba. Afadhali kufuta mada yote kuliko kuacha jembe likae kwenye orodha ya adhabu. Mwoleka alishika jembe kama sehemu ya utume wake. Mtoto wa jimbo lake asilishike kwa sababu amechelewa.

Nimefika mahali ambapo napata uzito kuandika, lakini mtaala wa imani wa Ngara ukipita pembeni yake hautakuwa mkweli.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, na kuingia Ngara. Benaco, ambayo leo ni mji wa malori na nyumba za wageni, ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti. Wananchi wa Ngara waliwapokea wageni kabla mashirika hayajafika na mahema, wakagawana maji, kuni na chakula. Kati ya waliovuka walikuwemo waliokimbia kifo na waliokimbia walichokitenda.

Ng'ambo ya mto, katika parokia ya Nyarubuye, katikati ya mwezi uleule, maelfu walikuwa wameuawa kanisani na katika majengo yanayolizunguka, ambako walikimbilia wakiamini hapataguswa. Meya wa wilaya ile ya Rusumo, Sylvestre Gacumbitsi, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa jijini Arusha, na rufaa ya mwaka 2006 ikampa kifungo cha maisha. Wengi wa waliouawa na wengi wa walioua walikuwa wabatizwa. Walijifunza sala zilezile. Wangeulizwa sifa tano za jirani mwema, wangezitaja.

Kwa hiyo mtu akiniambia mtaala wake utapimwa kwa idadi ya watoto waliokariri katekisimu, namwomba afike Rusumo kwanza. Kukariri kuna nafasi yake. Mtoto hawezi kusali na wenzake bila maneno ya pamoja. Lakini hapa, kilomita chache kutoka mpaka, swali la mtaala ni hili: mtoto huyu atafanya nini siku kundi lake litakapomwambia mtoto wa kundi jingine si mtu? Swali hilo linaanza kujibiwa darasa la pili, kwenye utani juu ya mtoto mwenye lafudhi ya Kirundi au aliyehamia na ng'ombe kutoka Usukumani. Mwalimu wa zamu anayesikia utani ule na kupita kimya amefundisha. Anayesimama na kuuliza amefundisha pia. Darasa la sita wanaweza kusimuliwa habari za 1994 kwa upole na ukweli, na wasimulizi wapo: kina mama wa Ngara waliopika uji wa wageni, ambao leo ni bibi zao. Sijaona mtaala uliowaalika. Miaka inapita, na bibi hao wanazikwa.

Hapo pia ndipo suala la watoto wasio Wakatoliki linapopata jibu lake. Shule hizi zina Waislamu, Waanglikana (makao ya dayosisi yao ya Kagera yako Murgwanza, hapohapo Ngara), Walutheri na Wapentekoste. Katiba ya nchi, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani, na hati ya Vatikani ya mwaka 1988 juu ya shule za Kikatoliki imetofautisha vizuri mafundisho ya dini, yanayoweza kumfaa kila mwanafunzi, na katekesi, inayomhusu anayeamini. Komunyo ya kwanza na kipaimara viachwe kwa parokia na katekista, ambako mtoto ataandaliwa pamoja na wenzake wa shule za serikali. Utaratibu huo utasaidia pia kuondoa ile hisia kwamba kuna Wakatoliki wa shule ya ada na Wakatoliki wa kigango.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji waandishi watoke ofisini kabla ya kuandika: wakae wiki moja na matroni, mpishi, dereva wa gari la shule, mlinzi wa getini na katekista, wamfuate mtoto mmoja hadi nyumbani kwake, waone ratiba ya Agosti badala ya ile ya Januari. Utaratibu wa ada na wa adhabu uingizwe kwenye mtaala wenyewe, katika kurasa za mwanzo, ukisainiwa na meneja wa shule. Kipindi kimoja cha dini kwa wiki kilindwe asubuhi na kisiazimwe. Yaliyobaki yawekwe mahali ambapo mtihani hauyafikii: mstarini, mezani, shambani, kwenye gari, kwenye chama cha watoto cha parokia, Utoto Mtakatifu, kwenye jumuiya. Katekista alipwe. Na hati iwe fupi, ijaribiwe kwa mwaka mmoja katika madarasa mawili tu, halafu irekebishwe na wale walioitumia.

Wakati wenyewe upo. Chini ya sera mpya elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, na mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja. Kila shule ya msingi nchini, za Rulenge-Ngara zikiwemo, italazimika kupanga upya madarasa, walimu na ratiba. Nawaomba wakurugenzi wa elimu wa majimbo, mameneja na walimu wakuu waitumie fursa hiyo, waanze na mwalimu wa taaluma na mwenyekiti wa jumuiya wakiwa meza moja, kabla ya mtu yeyote kuandika neno dira.